SOMO LA VIKUNDI: PAA LA SHIMO HUSEMA KABLA YA KUANGUKA



Somo letu la leo ni la wale wanaotafuta mkate wao chini ya ardhi, na la wazazi na wake zao wanaobaki nyumbani wakingoja. Tunajua wengine watauliza: Nyakoe na migodi wapi na wapi? Hapa kwetu ni chai, ndizi na mahindi. Lakini tukihesabu vizuri tutaona kwamba karibu kila mlima una kijana aliyepanda matatu hadi Kisii mjini, akaendelea mpaka Migori kutafuta kazi kwenye mashimo ya dhahabu ya upande wa Nyatike. Wengine wako Tabaka kwenye mawe laini ya kuchonga. Na wale waliobaki hapa hapa nyumbani wanachimba maramu, udongo wa matofali, visima na vyoo. Wote hao wana jambo moja sawa: wanafanya kazi huku ardhi iko juu ya vichwa vyao au imesimama kando yao kama ukuta.

Tumechoka na matanga ya vijana. Tukienda kwenye matanga hayo tunasikia watu wakisema, "Ilikuwa siku yake." Somo hili linasema mara nyingi haikuwa siku yake. Mara nyingi paa lilikuwa limeshatoa habari, na kuna mtu aliyeisikia, lakini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema, "Tokeni."

Tutaangalia mambo sita: kwa nini paa huanguka, yale wachimba makaa ya mawe wamejifunza, dalili, namna ya kujikinga, mashimo ya hapa nyumbani, na mwisho ni nani mwenye haki ya kusimamisha kazi.

1. KWA NINI PAA HUANGUKA

Fikiria watu sita wamebeba jeneza. Uzito umegawanywa, kila bega lina sehemu yake. Mmoja akiachilia, uzito wake haupotei. Unawaendea wale watano waliobaki. Wa pili akichoka, wanne wanalemewa, na hapo jeneza linaenda chini kwa ghafla.

Ardhi ni hivyo hivyo. Kabla hujachimba, kila jiwe limebeba kilicho juu yake. Ukitoa jiwe ili upate njia ya kupita, uzito ule hauendi mbinguni. Unahamia kwenye kuta za kando na kwenye nguzo ulizoziacha. Kadiri unavyopanua chumba, ndivyo kuta zinavyolemewa na ndivyo paa linavyobaki bila mtu wa kulishikilia katikati.

Tena mwamba si kitu kimoja kizima kama sufuria. Una nyufa. Nyufa mbili zikikutana juu ya kichwa chako, zinakata jiwe likawa kama kabari iliyoelekea chini. Jiwe hilo linashikiliwa na msuguano mdogo tu. Maji ya mvua yakiingia kwenye ufa yanalainisha, udongo unasombwa, na siku moja linateleza. Karibu na uso wa ardhi mwamba umeoza zaidi, na hapo ndipo mashimo mengi ya wachimbaji wadogo yalipo.

Hebu tupige hesabu ndogo. Bamba la mwamba lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10 tu lina uzito wa kilo 260 hivi. Hiyo ni karibu magunia matatu ya mahindi ya kilo 90, yakikuangukia kwa pamoja. Kofia ya plastiki ni nzuri kwa kijiwe kidogo, lakini haitazuia magunia matatu. Kwa hiyo kinga ya kweli ni kuhakikisha jiwe halianguki, au likianguka mtu hayupo chini yake.

2. YALE WACHIMBA MAKAA YA MAWE WAMEJIFUNZA

Kenya haina mgodi wa makaa ya mawe unaofanya kazi. Makaa yaliyogunduliwa kule bonde la Mui, Kitui, bado yako ardhini. Jirani zetu wa Tanzania walifungua mgodi wa chini kwa chini wa Kiwira, kusini magharibi mwa nchi, mwaka 1988. Tunawataja watu wa makaa ya mawe kwa sababu moja: hao wameishi na shida ya paa kwa miaka mingi. Makaa hulala ardhini kwa matabaka mapana, na juu yake mara nyingi kuna mwamba wa matabaka membamba, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Ukiondoa makaa, chapati ya chini inaanza kubanduka. Ndiyo maana walilazimika kuwa walimu wa jambo hili.

Mafunzo yao yameandikwa kwa damu. Afrika Kusini kulikuwa na mgodi unaoitwa Coalbrook. Katika mgodi huo waliacha nguzo za makaa yenyewe zishikilie paa. Lakini nguzo ni makaa, na makaa ni pesa. Basi katika sehemu kadhaa nguzo ziliachwa nyembamba, na vyumba vikachimbwa kwenda juu zaidi ili kupata mzigo mwingi. Nguzo nyembamba na ndefu ni dhaifu, kama mguu wa kiti uliochongwa kupita kiasi. Tarehe 28 Desemba 1959 sehemu moja ya mgodi iliporomoka. Hiyo ilikuwa sauti ya kwanza. Kazi ikaendelea. Tarehe 21 Januari 1960 nguzo zikaanza kuvunjika, moja ikilemea nyingine kama wale wabeba jeneza, mpaka karibu nguzo 900 zikaanguka. Watu 435 wakafa. Wengi wao walikuwa wametoka mbali, Lesotho na Msumbiji, kutafutia watoto karo na chakula, vile vile kama vijana wetu wanavyotoka. Miili yao haikutolewa mpaka leo.

Baada ya msiba huo wataalamu wawili, Salamon na Munro, walilinganisha sehemu 98 za migodi zilizosimama na 27 zilizoporomoka. Mwaka 1967 wakatoa kanuni ya kupimia nguzo. Kwa maneno ya nyumbani kanuni hiyo inasema: nguvu ya nguzo inategemea upana wake ukilinganisha na urefu wake wa kwenda juu. Nguzo nene na fupi hubeba. Nguzo nyembamba na ndefu huvunjika.

Kule Marekani sheria ya mwaka 1969 ilidai kila mgodi wa makaa wa chini ya ardhi uwe na mpango wa kushikilia paa, uliokubaliwa na serikali. Na kanuni za huko zina sharti moja ambalo tunaomba kila kijana wetu alishike kichwani: mtu asifanye kazi wala asipite chini ya paa ambalo halijashikiliwa. Hata kwa dakika moja. Hata kama ni kuokota sururu tu.

3. DALILI: PAA LINASEMAJE?

Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye shimo, usipoangalia ufa hutapata nafasi ya kujenga. Dalili ni hizi:

(a) Vijiwe na mchanga vinadondoka vyenyewe kutoka juu, ilhali hakuna mtu aliyegonga.

(b) Ufa mpya umetokea, au ufa wa zamani umepanuka. Njia rahisi ya kujua ni kupaka tope au saruji kidogo juu ya ufa. Kesho ukikuta pamepasuka, ujue mwamba umetembea.

(c) Mlio wa kukatika, kama kuni kavu ikivunjwa, kutoka ndani ya mwamba.

(d) Magogo ya kushikilia paa yanapinda au yanalia. Wachimbaji wa zamani waliyapenda magogo ya mti kwa sababu hulia kabla ya kuvunjika. Gogo likilia linakuita utoke.

(e) Kuta za kando zinabanduka vipande vipande, au nguzo inamomonyoka pembe zake.

(f) Maji yameanza kutoka mahali palipokuwa pakavu jana, au maji yaliyokuwa safi yamekuwa na matope.

(g) Mvua kubwa imenyesha usiku. Kwetu huku mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na kiangazi chetu chenyewe si kikavu sana. Asubuhi ya baada ya mvua kubwa si asubuhi ya kukimbilia shimoni.

Ukiona dalili moja, toka kwanza, halafu mjadiliane mkiwa nje. Wengi hufanya kinyume: hubaki ndani wakibishana kama ni hatari au si hatari.

4. NAMNA YA KUJIKINGA

Kupima paa kwa mtaimbo

Hii haina gharama yoyote. Kila asubuhi kabla ya kazi, na kila baada ya kulipua baruti, watu wawili wenye uzoefu watangulie. Mmoja ashike mtaimbo mrefu, mwingine ashike tochi na kuangalia juu. Waanzie mahali salama wakienda mbele, wasirukie mwisho wa shimo. Wagonge paa. Mwamba mzima unatoa mlio mkali, kama chuma. Mwamba uliolegea unatoa mlio bubu, kama ngoma au debe tupu. Penye mlio bubu waangushe jiwe hilo kwa mtaimbo, wakiwa wamesimama upande ambao halitawafikia, na wakiwa na njia ya kurudi nyuma. Jiwe likikataa kuanguka, lisiachwe hivyo hivyo ati kwa sababu limekataa. Lishikiliwe kwa gogo, au mahali hapo pafungwe.

Mtaimbo uwe mrefu. Mwenye mtaimbo mfupi analazimika kusimama chini ya jiwe analoliangusha.

Nguzo za mwamba

Mnapofuata mshipa wa dhahabu, acheni nguzo za mwamba wenyewe. Ziwe nene kuliko unavyodhani zinatosha. Zikishaachwa, zipakwe chokaa nyeupe ili kila mtu ajue haziguswi. Tunajua majaribu yalipo. Nguzo ile ile ina mshipa ndani yake, na wiki ambayo mzigo umekuwa mbaya mtu anaiangalia nguzo na kuona karo ya shule. Anachonga kidogo. Wiki inayofuata mwenzake anachonga kidogo. Hakuna hata mmoja anayejiona ameiangusha. Coalbrook ilianguka kwa njia hiyo, ingawa ilikuwa kampuni kubwa yenye mainjinia.

Magogo

Wenzetu wa Tanzania huyaita matimba. Gusii tuna mikaratusi karibu kila boma, kwa hiyo hatuna sababu ya kusema miti haipo. Lakini kusimamisha gogo ni ufundi:

- Gogo liwe limenyooka, zima, bila kuoza wala ufa, na likatwe ncha zake sawasawa.
- Lisimame juu ya sakafu ngumu. Likisimama juu ya kifusi litazama, na paa litashuka nalo. Sakafu ikiwa laini, weka ubao mnene chini yake.
- Juu yake weka ubao wa kichwa ili uzito utawanyike, kisha kaza kwa kabari za mbao kutoka pande mbili. Gogo ambalo halijakazwa ni pambo tu.
- Yakaribiane, na pale paa lilipo bovu yakaribiane zaidi. Gogo jipya lisimamishwe kabla ya kusonga mbele. Usimamishe ukiwa umesimama chini ya sehemu iliyokwisha kushikiliwa.
- Kila asubuhi gonga magogo pia. Ndani ya shimo kuna unyevu, na mti huoza haraka. Lililooza usiling'oe kwanza. Simamisha jipya kando yake, halafu uondoe la zamani.

Migodi mikubwa ya siku hizi hutumia vyuma virefu vinavyotobolewa kwenye paa na kukazwa, vikafunga matabaka pamoja, kama mtu anavyopitisha kijiti katikati ya vipande vya nyama ya mshikaki. Kazi hiyo inahitaji mashine na mtaalamu. Mtu asije akachomeka vyuma vya ujenzi kwenye paa akadhani ameshikilia mlima.

Maji na baruti

Chimbeni mfereji kuzunguka mdomo wa shimo ili maji ya mvua yasiingie. Baruti ina sheria zake na si ya kila mtu. Aliye na kibali na mafunzo ndiye pekee anayeruhusiwa kuigusa. Mlipuko ukitikisa mwamba, nyufa ambazo hukuziona jana zinafunguka leo.

Daftari na njia ya pili

Juu ya shimo akae mtu mwenye daftari. Kila anayeshuka aandikwe, kila anayepanda afutwe. Na shimo liwe na njia mbili za kutokea. Shimo la mlango mmoja, mlango huo ukianguka, limekuwa kaburi.

5. MASHIMO YA HAPA NYUMBANI

Wapo wanaosema, "Sisi si wachimba dhahabu." Sikilizeni basi.

Kule Tabaka timbo nyingi ziko wazi, hakuna paa. Lakini mchimbaji akifuata jiwe zuri anakata ukuta kwa chini, na juu panabaki udongo umening'inia. Huo sasa ni paa. Dawa yake ni kuanza juu: ondoa udongo wa juu kwanza, kata ukuta kwa ngazi ngazi kama matuta ya shamba la mlimani, ndipo ushuke kwenye jiwe. Kwenye maramu ya kando ya barabara ni vile vile. Ukiona pango limeingia chini ya ukuta na mizizi ya nyasi inaning'inia juu, pango hilo si kivuli cha kupumzikia wala cha watoto kuchezea.

Kwa kisima, choo na shimo la matofali, kumbukeni kwamba mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukilowa unaongezeka. Mtu akifunikwa mpaka kifuani hawezi kupumua, hata kama kichwa chake kiko nje. Shimo likizidi urefu wa kifua cha mtu, kuta zake zilazwe au zizuiwe kwa mbao na magogo. Udongo unaotolewa urundikwe angalau hatua mbili kutoka ukingoni, maana ukiurundika pale pale unaisukuma kuta ndani. Na asichimbe mtu peke yake, hata kama ni choo cha nyumbani kwake.

6. NANI ANA HAKI YA KUSEMA "TOKENI"?

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Haya yote ya mtaimbo na magogo si siri. Wachimbaji wengi wanayajua. Kwa nini basi hayafanywi?

Jibu liko kwenye mgao. Mzigo ukitoka unagawanywa: mwenye shamba ana sehemu yake, mwenye shimo ana yake, wachimbaji wana yao. Saa unazotumia kusimamisha gogo hazitoi jiwe hata moja la dhahabu. Gogo lenyewe linanunuliwa na kubebwa. Na kijana mgeni aliyefika juzi, asiye na hata nauli ya kurudi Nyakoe, akisema "naogopa hapa," anaambiwa wacha uoga, au anaambiwa kuna wengine kumi wanangoja nafasi yake. Basi ananyamaza. Anashuka na anachokijua moyoni.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu amjulishe msimamizi wake, na inakataza kumlazimisha arudi mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Mkataba nambari 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unasema mchimbaji ana haki ya kujiondoa mahali penye hatari. Tena Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inatambua wachimbaji wadogo na kuwataka wawe na kibali. Kundi lenye kibali linaweza kumwita afisa wa serikali bila kujificha. Kundi lisilo nacho linaogopa hata kuita msaada.

Lakini tuseme ukweli: sheria iko Nairobi na shimo liko Nyatike. Kwa hiyo kila kundi liweke mapatano yake, yaandikwe, yasomwe mbele ya mwenye shimo na mwenye shamba. Tunapendekeza matatu:

Kwanza, gharama ya magogo na ya kupima paa itolewe kabla ya mgao, si baada yake. Mkulima huweka mbegu kando kabla familia haijaanza kula mavuno. Atakayesema magogo yanakula faida, aulizwe kama mbegu pia inakula mavuno.

Pili, mtu yeyote, hata mdogo kuliko wote, hata aliyekuja jana, akisema "tokeni," wote watoke. Wakikuta hakuna hatari, asichekwe na asikatwe sehemu yake. Kundi likimcheka mara moja, mara ya pili hatasema.

Tatu, wale wawili wanaopima paa walipwe sehemu sawa na wanaochimba, na neno lao lisivunjwe na mwenye shimo.

IKIWA AJALI IMETOKEA

Msikimbilie ndani. Tunajua ni vigumu, yule chini ni ndugu. Lakini paa lililoanguka mara moja mara nyingi huanguka tena, na waokoaji wanakuwa maiti. Hesabuni watu kwa daftari, mjulisheni chifu na polisi mara moja, zuieni umati na magari yasikanyage juu ya shimo, kisha muingie kwa mpangilio mkishikilia paa hatua kwa hatua.

Wala msikate tamaa upesi. Mwezi wa Oktoba 2015 shimo la dhahabu la Nyangarata, wilayani Kahama, Tanzania, liliwafungia watu. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa maji, mizizi na wadudu. Mwenzao mmoja alikuwa amekufa huko chini. Lakini si kila mara inakuwa hivyo. Shimo la Abimbo, Bondo, kaunti ya Siaya, lilianguka Desemba 2021. Wengine waliokolewa, lakini kuna familia iliyongoja mwili wa mtu wao mpaka mwaka 2022. Kungoja miezi yote hiyo kando ya shimo ni adhabu ambayo hatumtakii mzazi yeyote.

NENO LA MUNGU

Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Hapo Mungu anamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Tazameni vizuri: hasemi mtu akianguka ilikuwa siku yake. Anamwuliza mwenye nyumba. Halafu someni Kutoka 21:33-34, ambapo aliyeacha shimo wazi analipa kwa ajili ya ng'ombe au punda aliyetumbukia. Ikiwa mwenye shimo anaulizwa juu ya punda, je, si zaidi sana juu ya mtoto wa mtu?

Kuomba kabla ya kushuka shimoni ni vizuri, na tunawahimiza. Ila maombi hayachukui nafasi ya mtaimbo. Ombeni, halafu mgonge paa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mlima wenu kuna vijana wangapi wanaofanya kazi migodini au kwenye timbo? Je, mnajua shimo wanaloshuka na jina la msimamizi wao?

2. Kwa nini mchimbaji anayeona ufa hunyamaza? Sisi wazazi, tunapodai pesa za haraka kutoka kwake, tunamsaidia kusema au tunamsaidia kunyamaza?

3. Nguzo ya mwamba ina dhahabu ndani yake. Katika maisha ya nyumbani na ya kanisa, ni nguzo gani tunazozichonga kidogo kidogo?

4. Ni shimo gani hapa kwetu, la maramu, la matofali au choo kilichoachwa, ambalo liko wazi leo?

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kikundi kitembelee shimo moja lililoachwa wazi, kizungumze na mwenyewe kwa heshima, na kisaidie kulifukia au kulizungushia ua kabla ya mvua. Na kila mzazi mwenye kijana mgodini ampigie simu wiki hii. Asianze na pesa. Amwulize kwanza: "Mwanangu, paa lenu linapimwa na nani, na ukisema mtoke, mnatoka?"